Waya wa Intaneti Unaosikia Ardhi Ikitetemeka

Mvuvi anayetega mshipi usiku kwenye Mto Tana pale Golbanti haoni samaki. Maji ni ya tope na giza ni totoro. Anachofanya ni kuushika uzi kati ya vidole viwili na kungoja. Uzi ukivutwa polepole bila kuachiwa, anajua huo ni mkondo wa maji. Ukidonolewadonolewa, ni samaki mdogo anayejaribu chambo. Ukigutuka kwa nguvu, huenda ni kambare wa kulisha nyumba nzima, au ni mamba, na hapo ni heri kuachilia mshipi uende.

Katika miaka kumi hivi iliyopita, wanasayansi wamejifunza kufanya kazi ya mvuvi huyo kwa uzi wa aina nyingine: uzi wa kioo ulio ndani ya nyaya za faiba, zile zile zinazoleta intaneti. Samaki wanaomtafuta ni mawimbi ya tetemeko la ardhi, yakiwemo manyonge ambayo binadamu hawezi kuyahisi hata akilala chini. Badala ya vidole, wanatumia mwanga wa leza.

Huenda mkazi wa Tana Delta akauliza jambo hili linamhusu nini. Huku watu wamezoea kuhangaikia mafuriko na ukame. Tetemeko la ardhi ni habari ya kwingine. Hata hivyo, wengi katika Pwani wanakumbuka usiku wa Jumatano, Agosti 12, 2020. Muda mfupi baada ya saa mbili, ardhi ilitikisika. Kitovu kilikuwa chini ya bahari, kusini-mashariki mwa Dar es Salaam, na ukubwa wa tetemeko ulikuwa takriban 6. Dar es Salaam watu walitoka mbio nje ya majengo, na mtikisiko ulifika Mombasa na hata Nairobi. Halikuleta maafa, lakini lilikumbusha kwamba bahari yetu ina nyufa zake.

Nchi kavu nako kuna historia. Januari 6, 1928, tetemeko la ukubwa wa 6.9 lilipasua ardhi huko Subukia, katika Bonde la Ufa. Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilibomoa nyumba na kuua watu zaidi ya kumi mjini Bukoba, Tanzania. Na wazee wa Kipini hawahitaji kuelezwa kuhusu Desemba 26, 2004. Alfajiri ya siku hiyo tetemeko la ukubwa wa 9.1 lilitokea Sumatra, Indonesia, na kufikia mchana mawimbi ya tsunami yalikuwa yamevuka Bahari ya Hindi yote. Somalia ilipoteza mamia ya watu. Kenya ilipoteza mtu mmoja, katika eneo la Malindi, kwa sababu mbili: nguvu nyingi za mawimbi zilikuwa zimepungua njiani, na habari zilikuwa zimetangulia maji, hivyo watu wakaondolewa ufuoni kwa wakati.

Suala zima ni hilo, nani afike kwanza, habari au maji.

Masikio ya ardhi ni machache

Kwa kawaida matetemeko hupimwa kwa mashine inayoitwa sismomita. Ni chombo makini sana. Kile kilichoko Kilima Mbogo, karibu na Thika, hupeleka takwimu zake hata kwa CTBTO, shirika la Vienna linalochunguza kama kuna nchi inayojaribu mabomu ya nyuklia kwa siri. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kina wataalamu wa mitetemo ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakifuatilia nyufa za Bonde la Ufa.

Tatizo la sismomita ni kwamba husikia pale ilipo tu. Ili kujua tetemeko limeanzia wapi, unahitaji sismomita kadhaa zilizotapakaa, na kila moja inataka shimo lake, umeme wake, ulinzi wake na fundi wa kuizuru. Chini ya bahari gharama huongezeka maradufu, maana meli lazima iende kuishusha na kuitoa. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya sakafu ya Bahari ya Hindi haina sikio lolote, ilhali matetemeko yanayoweza kutuletea tsunami huanzia huko huko.

Nyaya za faiba, kwa upande mwingine, tayari zipo. Mwaka 2009 mikongo ya TEAMS na SEACOM ilianza kuiunganisha Mombasa na dunia kupitia chini ya bahari, na mwaka 2010 ukafuata EASSy. Nchi kavu, mkongo wa taifa wa NOFBI umesambazwa kuelekea makao makuu ya kaunti. Gharama ya kuchimba mitaro na kulaza nyaya ilishalipwa kwa ajili ya intaneti. Swali la wanasayansi lilikuwa rahisi: je, waya huo huo hauwezi kufanya kazi ya pili?

Tochi kwenye ukungu

Ukiwasha tochi usiku wa ukungu kando ya mto, utauona mwale wake wote, kutoka mkononi hadi unapoishia. Unauona kwa sababu matone ya ukungu yanarudisha sehemu ndogo ya mwanga machoni pako. Usiku mkavu usio na vumbi mwale huo hauonekani.

Uzi wa faiba ni kioo safi mno. Kiini chake, ambamo mwanga hupita, kina upana wa takriban sehemu 9 za elfu ya milimita moja, na hata ukihesabu kioo kinachokizunguka, uzi mzima ni kama unywele mnene. Lakini hakuna kioo kisicho na doa. Wakati wa kutengenezwa, kioo hupoa kikiwa na tofauti ndogo ndogo za msongamano ndani yake, kwa urefu wake wote. Tofauti hizo hufanya kazi ya matone ya ukungu. Leza ikipiga mdundo mmoja wa mwanga ndani ya uzi, kila sehemu ya uzi hurudisha chembe kidogo ya mwanga ule. Mwanafizikia Mwingereza, Lord Rayleigh, ndiye aliyeeleza katika karne ya 19 jinsi mwanga unavyotawanyika hivyo. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, mwaka 1885, alionyesha kwa hesabu kwamba kuna aina ya mawimbi ya mtetemo yanayotambaa juu ya uso wa ardhi, na mpaka leo yanaitwa kwa jina lake. Ilikuwa miaka ile ile ya 1880 ambapo wamishonari wa Kimethodisti walikuwa wakianza kazi Golbanti. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja ugunduzi wake wa kwanza ungetumika kuutega ule wa pili.

Ndani ya kioo mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kasi hiyo haibadiliki ovyo, kwa hivyo muda ni rula. Mwangwi uliorudi baada ya sehemu 10 za milioni ya sekunde umetoka umbali wa kilomita 1, yaani umekwenda kilomita moja na kurudi kilomita moja. Uliochelewa mara mbili ya hapo umetoka kilomita 2. Mashine hupiga midundo mamia au maelfu kila sekunde na kulinganisha mwangwi wa kila mdundo na wa ule uliotangulia, mita kwa mita.

Ardhi ikiwa imetulia, mwangwi hufanana. Wimbi la tetemeko linapopita, huuvuta uzi kidogo mahali fulani na kuubana mahali pengine. Mvuto huo ni mdogo sana: kipande cha mita 10 kinaweza kurefuka kwa sehemu moja tu ya bilioni ya urefu wake, kiasi ambacho ni chini ya sehemu moja ya elfu ya unene wa unywele. Leza hukiona, kwa sababu mawimbi ya mwanga wake yamepangika kama hatua za gwaride, na askari mmoja akipotea hatua, kosa linaonekana mara moja.

Kwa njia hii, waya wa kilomita 20 ukigawanywa vipande vya mita 10 unakuwa mstari wa masikio 2,000, yote yakisomwa na mashine moja iliyo ndani ya chumba kimoja, kwenye ncha moja ya waya. Njiani hakuna betri wala sola ya kuibwa.

Yaliyokwisha kufanyika

Ghuba ya Monterey huko California kuna mkongo wa utafiti uliolazwa chini ya bahari. Mwaka 2018, ulipozimwa kwa matengenezo, watafiti waliazima kilomita 20 zake kwa siku nne tu. Katika siku hizo ulifanya kazi ya vituo vipatavyo 10,000, ukanasa tetemeko lililotokea nchi kavu, na kuonyesha nyufa za chini ya bahari ambazo hazikuwa kwenye ramani.

Iceland ndiko njia hii imeingia katika kuokoa watu moja kwa moja. Tangu mwishoni mwa 2023, karibu na mji wa Grindavík, waya wa faiba wa takriban kilomita 100 umekuwa ukisikiliza lava ikisukumana chini ya ardhi. Uzi huhisi ardhi ikitanuka polepole kabla ya mlipuko. Kwa milipuko kadhaa, ishara zilipatikana kuanzia karibu nusu saa hadi saa kadhaa kabla ya moto kutokeza juu. Nusu saa inatosha kumtoa mama na watoto nyumbani na kuwapandisha gari.

Lakini kuna kikwazo. Mwangwi huo hudhoofika kadiri unavyotoka mbali, na baada ya kilomita mia moja au zaidi kidogo hausomeki tena. Mikongo ya bahari kuu ni maelfu ya kilomita, na kila baada ya umbali fulani ina vikuza mwanga ambavyo huzuia mwangwi kurudi. Kwa bahari kuu ilibidi itafutwe njia nyingine, na zimepatikana mbili.

Ya kwanza iligunduliwa kwa bahati. Mwaka 2016, Giuseppe Marra wa taasisi ya vipimo ya taifa la Uingereza, NPL, alikuwa akitumia waya wa faiba wa kilomita 79 kati ya miji ya Teddington na Reading kulinganisha saa za atomiki. Kazi hiyo hutumia leza iliyotulia kupita kiasi, na mafundi huhesabu kelele ya waya kama uchafu wa kuondolewa. Alipoukagua uchafu huo, aliona vurugu zilizolingana na matetemeko yaliyoipiga Italia ya kati. Mwaka 2018 yeye na wenzake walichapisha matokeo yanayoonyesha kuwa leza yao, katika nyaya za nchi kavu na katika mkongo wa bahari kati ya Malta na Sicily, iliweza kunasa matetemeko ya karibu na hata ya umbali wa kilomita 18,500.

Ya pili haihitaji hata leza mpya. Mwanga wa intaneti unaposafiri huwa na mwelekeo wa mtikisiko wake, na waya ukisumbuliwa, mwelekeo huo hupinda. Vituo vya intaneti tayari hupima kupinda huko ili kusahihisha mawasiliano. Zhongwen Zhan wa chuo cha Caltech na wenzake wa Google walichukua vipimo hivyo kutoka mkongo wa Curie, unaotoka Los Angeles hadi Valparaíso nchini Chile, takriban kilomita 10,000. Katika miezi tisa walinasa matetemeko yapatayo 20, likiwemo lile la ukubwa wa 7.7 karibu na Jamaica mnamo Januari 28, 2020. Mkongo uliendelea kubeba intaneti ya watu kama kawaida.

Hesabu kwa Kipini

Tuchukue mfano wa tetemeko la 2020. Kutoka kitovu chake hadi Kipini ni zaidi kidogo ya kilomita 500. Mawimbi ya kwanza ya tetemeko, yale mepesi, hukimbia takriban kilomita 7 kwa sekunde chini ya ardhi. Yale mazito yanayotikisa nyumba huja nyuma, takriban kilomita 4 kwa sekunde, kwa hivyo yangehitaji dakika mbili hivi kufika. Habari kupitia faiba ingefika kabla mtu hajapepesa jicho. Dakika mbili zinatosha kutoka nje ya darasa.

Kwa tsunami muda ni mrefu zaidi. Katika bahari yenye kina cha mita 4,000, wimbi hukimbia takriban kilomita 700 kwa saa, na hupunguza mwendo likikaribia ufuo. Likianzia Indonesia tuna saa nyingi. Likianzia karibu, kama pale Tanzania, tunazungumzia saa moja au chini yake, na kila dakika inayookolewa katika kutambua tetemeko ni dakika ya kutembea kuelekea juu. Nchini Kenya tahadhari za tsunami hutolewa na Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, ambayo hupokea taarifa kutoka mfumo wa nchi za Bahari ya Hindi ulioundwa baada ya msiba wa 2004.

Udongo wa delta

Golbanti, Ngao, Tarasaa na vijiji vyote vya delta vimekaa juu ya matope na mchanga ulioletwa na Tana kwa maelfu ya miaka. Kisima cha kutafuta mafuta kilichochimbwa Kipini mwaka 1971 kilipita mita 3,000 kwenda chini, na kilichopatikana kilikuwa tabaka juu ya tabaka la mashapo. Ardhi ya namna hii ndiyo inayotupa mpunga na maembe. Katika tetemeko, hata hivyo, udongo laini hucheza kama uji katika sufuria iliyogongwa, wakati mwamba hutikisika mara moja ukatulia. Mji wa Mexico uliona hilo Septemba 19, 1985: kitovu cha tetemeko kilikuwa zaidi ya kilomita 300 kutoka mjini, lakini mitaa iliyojengwa juu ya matope ya ziwa la zamani ndiyo iliyoanguka, na maelfu wakafa.

Hapa nyaya za faiba zina kazi nyingine ambayo, kwa wakazi wa delta, huenda ikawa na faida kubwa kuliko ya tetemeko lenyewe. Waya uliolazwa kando ya barabara husikia malori usiku na mchana. Mtikisiko wa lori husafiri kwa kasi tofauti katika udongo mgumu, udongo laini na udongo uliojaa maji. Kwa kusikiliza kelele hiyo ya kila siku, wataalamu wanaweza kuchora ramani ya wapi ardhi ni dhaifu, kabla ya zahanati au darasa kujengwa. Huko Ridgecrest, California, watafiti walitumia njia hii kufuatilia kwa miaka kadhaa jinsi unyevu ulivyopungua ardhini wakati wa ukame. Na katika nchi kama Uswidi na Ujerumani, nyuzi za faiba zimewekwa ndani ya kuta za mabwawa ya udongo ili kugundua maji yanayopenya kabla ukuta haujalegea. Watu wanaoishi chini ya Masinga na Kiambere wana haki ya kulifuatilia jambo kama hilo kwa makini.

Mitetemo ya ardhi haitoki kwa matetemeko na malori pekee. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford na shirika la Save the Elephants, wakifanya kazi hapa Kenya, walionyesha kwamba mwendo wa ndovu na mngurumo wake wa chini hupita ardhini na unaweza kutofautishwa kwa vipimo. Wachungaji wa Kiorma hawatashangaa. Mtu aliyelala malishoni husikia kundi la ng'ombe kwa ubavu kabla hajalisikia kwa masikio.

Kasoro, na swali la faragha

Njia hii haichukui nafasi ya sismomita. Uzi huhisi kuvutwa kwa urefu wake tu, si pande zote. Waya uliolegea ndani ya bomba husikia vibaya kuliko uliokumbatiwa na udongo. Ramani za mafundi mara nyingi hukosea mahali waya ulipopita, kwa hivyo watafiti hulazimika kutembea barabarani na nyundo, wakigonga ardhi na kuangalia mgongo umeonekana wapi kwenye kompyuta. Mashine ya leza ni ghali, na takwimu zake ni nyingi kiasi kwamba siku moja tu inaweza kujaza diski za kompyuta kadhaa.

Wengine watauliza kama waya unaosikia unaweza pia kudukua. Swali hilo ni la haki. Mashine ya kusikiliza mitetemo haisomi ujumbe wa simu wala M-Pesa. Mara nyingi hupewa uzi wake wenyewe usiobeba mawasiliano yoyote. Waya uliozikwa ardhini hutambua kwamba gari au mtu amepita, bila kujua ni nani. Uzi ulio wazi ndani ya nyumba ni jambo jingine, maana ukiwa karibu na msemaji unaweza kuguswa na sauti. Kwa hivyo popote njia hii itakapoletwa, wakazi wana haki ya kuuliza ni waya upi, unasomwa na nani, na takwimu zinawekwa wapi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inawapa nguvu ya kuuliza.

Kabla ya hapo, waya wenyewe lazima uwe mzima. Mnamo Mei 2024, hitilafu katika mikongo ya EASSy na SEACOM baharini ilipunguza kasi ya intaneti Afrika Mashariki yote. Nchi kavu, maadui wa waya ni mafuriko yanayokwangua mtaro, tingatinga la kutengeneza barabara, na sururu ya mtu anayedhani kuna shaba ndani. Waya wa faiba wa nchi kavu hubeba mwanga kwa nyuzi za kioo, na kioo hicho hakinunuliwi na muuza vyuma vikuukuu yeyote. Kuukata ni kosa kisheria, na kunaweza kukatiza mawasiliano ya ofisi, hospitali na wafanyabiashara kwa siku nzima.

Mkazi atakayeona waya umefukuliwa na maji au mtaro umebomoka asiuguse wala kuuchungulia kwenye ncha iliyokatika, kwa kuwa mwanga wa leza wa mawasiliano hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyadhuru. Aweke alama mahali hapo, kijiti na kitambaa vinatosha, kisha atoe taarifa kwa mzee wa kijiji, chifu au ofisi ya msimamizi wa wadi.

Ardhi ikitetemeka ukiwa ndani, inama, jikinge chini ya meza imara na ushikilie mpaka mtikisiko uishe, kisha utoke ukijihadhari na ukuta na mabati. Ukiwa nje, kaa mbali na ukuta, nguzo za umeme na kingo za mto, maana kingo za Tana huporomoka hata bila tetemeko. Wakazi wa Kipini na vijiji vya ufuoni wakihisi mtikisiko mkali au wa muda mrefu, au wakiona bahari imerudi nyuma ghafla na kuacha samaki wakirukaruka mchangani, wasisubiri simu wala redio. Waelekee mahali pa juu, mbali na mdomo wa mto, na wakae huko hata baada ya wimbi la kwanza, kwa kuwa la pili au la tatu linaweza kuwa kubwa zaidi.